Namba Mlangoni: Historia ya Zana na Masharti ya Kuingia Kundini

Mwanzoni mwa mwaka 2010, mchezaji wa World of Warcraft aliyetaka kuingia ngome ya Icecrown Citadel bila kuwa na gildi, yaani chama cha kudumu cha wachezaji, alikutana na maswali mawili kabla ya salamu. Zana zako zina alama ngapi? Na je, una cheti cha kuthibitisha kwamba ulishamwangusha bosi huyu tunayekwenda kumwangusha? Masharti hayo yalitangazwa usiku na mchana katika mazungumzo ya mji wa Dalaran, na wala hayakuwekwa na Blizzard, kampuni iliyotengeneza gemu hilo. Waliyaweka wachezaji, wakiwawekea wachezaji wenzao. Anayetafuta kazi yake ya kwanza Dar es Salaam au Nairobi, akaambiwa alete uzoefu wa miaka mitatu, anaujua mkwamo huo vizuri. Wengi waliamini, na bado wanaamini, kwamba chanzo chake ni roho mbaya ya viongozi wa makundi. Historia inasema vingine. Namba ile iliota pale kufahamiana kulipokufa, na kila mara kampuni ilipovunja mlango mmoja, wachezaji waliujenga mwingine hatua chache mbele, kwa kuwa haja iliyouzaa mlango wa kwanza haikuguswa.

Hazina inapogeuka vazi

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kuunda MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliweza kuingia kwa pamoja. Humo hazina haikuwa kitu cha kuvaa. Mchezaji aliibeba hadi kwenye kinamasi, akaitupa, akapewa pointi, na hazina ikawa imetoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walitoa DikuMUD, na huko mkondo ukageuka. Mhusika alikuwa na sehemu za mwili za kuvalishwa: kichwa, kifua, mikono, miguu. Aliyeua mnyama mkali alipata upanga bora, na upanga huo ukamwezesha kumkabili mnyama mkali zaidi. Hazina ikawa ngazi, na ngazi ina tabia moja ambayo kinamasi hakikuwa nayo: inawapanga watu juu na chini, kila mtu akionekana amesimama kidato gani.

EverQuest, iliyotoka Machi 1999, iliichukua ngazi hiyo ikaipa picha, sauti na maelfu ya watu. Mwishoni mwa ngazi walikaa mazimwi Lady Vox na Lord Nagafen, ambao hawakuweza kuuawa na mtu mmoja wala sita. Ilihitajika kundi kubwa, na ndipo gildi zilipopata kazi yake. Ili kuelewa kwa nini gildi zile zilishikamana namna ile, lazima kuelewa jinsi kifo kilivyokuwa humo. Mhusika aliyekufa alirudi uhai mbali na pale alipoangukia, akiwa uchi, na zana zake zote zilibaki kwenye maiti yake. Kama maiti hiyo ilikuwa katikati ya majini wa Plane of Fear, mwenyewe hakuwa na njia ya kuifikia bila wenzake kurudi humo kumwokolea mali yake. Mtu alimwamini mwenzake kwa kila alichokuwa nacho. Swali la kiongozi wa gildi kwa hiyo lilihusu tabia ya mtu: akiitwa saa nane za usiku, atakuja?

Lakini zimwi mmoja aliyeangushwa na watu kadhaa aliacha nyara chache tu, na hapo ukazuka mgogoro. Mwaka huohuo wa 1999 gildi ya EverQuest iliyoitwa Afterlife ilibuni hesabu iliyokuja kujulikana kwa herufi DKP, yaani pointi za kuua mazimwi. Aliyehudhuria alihesabiwa, na nyara nzuri ilipodondoka, alitumia pointi zake kuinunua. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikundi cha upatu anaujua msingi wake: unaweka leo, unachukua zamu yako itakapofika, na mfumo mzima unasimama kwa sababu wanachama wanajuana na watakutana tena wiki ijayo. Hii ndiyo namba ya kwanza ya maana katika historia yetu, na inafaa kuikumbuka kwa kuwa ilipima utumishi wa mtu kwa kundi lake. Haikupima alichovaa, na nje ya gildi yake haikuwa na thamani yoyote.

Ufunguo wa mwenye nyumba, 2004–2008

World of Warcraft ilifunguliwa Amerika Kaskazini tarehe 23 Novemba 2004. Miongoni mwa waliounda sehemu zake za mwisho walikuwemo Rob Pardo na Jeff Kaplan, ambao wote wawili waliwahi kuongoza gildi ya EverQuest iliyoitwa Legacy of Steel. Walileta walichokijua. Molten Core ilichukua watu 40, Onyxia watu 40, Blackwing Lair ya mwaka 2005 watu 40. Kila mahali palikuwa na ruhusa yake ya kuingilia, na ruhusa hiyo ilipatikana kwa kazi ndani ya gemu. Ya Molten Core ilikuwa safari moja tu hadi vilindi vya Blackrock. Ya Onyxia ilikuwa mnyororo mrefu wa kazi uliochukua siku nyingi na kudai msaada wa wenzako. Naxxramas, iliyofunguliwa Juni 2006, iliwataka watu wajipatie kwanza heshima ya kundi la Argent Dawn, kisha walipe dhahabu na malighafi kulingana na kiwango cha heshima hiyo.

Zana nazo zilikuwa sharti, ila sharti la kimya. Ragnaros, bosi wa mwisho wa Molten Core, aliwachoma moto wasiovaa kinga ya moto. Sapphiron wa Naxxramas aliwagandisha wasio na kinga ya baridi. Kila kipande kilikuwa na daraja lake, lakini daraja hilo lilifichwa ndani ya hesabu za gemu na mchezaji wa kawaida hakuliona. Hakulihitaji pia. Seva moja ilikuwa kama kijiji: jina lilikuwa moja, halibadiliki, na aliyeiba nyara au kukimbia katikati ya pambano alijulikana hadi pembe ya mwisho. Sifa ya mtu ilitangulia zana zake.

Kijiji hicho kilianza kubomoka kwa sababu ambazo siku zile zilionekana ni huduma tu. Mwaka 2006 kampuni ilianza kuuza huduma ya kumhamisha mhusika kutoka seva moja kwenda nyingine, na mwaka uliofuata ikaongeza ya kubadilisha jina. Kila huduma ilimwondolea mtu usumbufu halisi, na kila moja ilipunguza kidogo uzito wa jina. Aliyeharibu kwao aliweza kuhamia kwingine akiwa mpya.

The Burning Crusade, nyongeza ya gemu hilo ya Januari 2007, ndiyo iliyofikisha funguo kilele chake. Karazhan ilikuwa na ufunguo, mapango magumu yalikuwa na funguo zilizodai heshima ya makundi, na kufika Black Temple kwa bosi Illidan kulihitaji kupita ngazi moja baada ya nyingine. Wapo wanaokumbuka enzi hizo kwa huzuni, wakisema ruhusa hizo zilikuwa za haki kuliko alama zilizokuja baadaye, kwa kuwa kila mtu aliona njia na aliweza kuifuata. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Sehemu ya pili inasahau kilichozitokea gildi ndogo. Gildi ilitumia wiki nzima kumsindikiza mwanachama mpya katika kila hatua, na siku alipokamilisha, gildi kubwa zaidi ilimvuta, kwa sababu sasa alikuwa na ruhusa tayari. Waliobaki nyuma walianza upya na mtu mwingine. Blizzard ililegeza funguo hatua kwa hatua, na Machi 2008 ikaondoa ruhusa ya Black Temple kabisa. Mlango wa mwenye nyumba ukawa wazi, na wengi walishangilia.

Miaka iliyobadilisha kila kitu, 2008–2010

Wrath of the Lich King, nyongeza iliyofuata, ya tarehe 13 Novemba 2008, ilitengenezwa kwa nia njema. Naxxramas ya mwaka 2006 ilikuwa imeonwa na wachache mno, kwa hiyo ilirudishwa ikiwa rahisi zaidi, na kila mahali pa uvamizi, yaani ngome za kupigwa na kundi kubwa, palipatikana kwa watu 10 au 25. Mtu asiye na gildi sasa aliweza kukusanya watu kutoka mazungumzo ya mji na kwenda. Haikuhitajika ruhusa yoyote. Hapo ndipo swali la zamani lilipomwangukia kiongozi wa kundi upya, bila majibu ya zamani: hawa watu 24 nisiowajua, nitajuaje kwamba wako tayari?

Jibu lilikuja mwaka 2009 kupitia programu ndogo ya ziada iliyoitwa GearScore, iliyotengenezwa na mchezaji na kusambazwa bure. Ilisoma daraja lililofichwa la kila kipande, ikalipima kwa aina ya kipande na mahali kinapovaliwa, ikajumlisha, ikatoa namba moja. Uliweka kipanya juu ya mtu na namba ikatokea. Programu haikujali kama vipande vinamfaa aliyevaa: mwindaji aliyevaa zana za kichawi zisizomwongezea chochote alipata alama sawa na aliyechagua kwa akili. Vito na nakshi za kuongeza nguvu, ambazo mchezaji makini hatoki bila kuziweka, kwa kiasi kikubwa hazikuhesabiwa. Kila mtu alijua kasoro hizi, zikalalamikiwa waziwazi, na bado programu ikaenea.

Ilienea kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko njia nyingine yoyote. Kiongozi alikuwa na dakika chache za kujaza nafasi kabla waliokubali hawajachoka na kuondoka. Akichagua vibaya, watu 25 walipoteza jioni, na lawama ikawa yake. Kumhoji kila mtu kulichukua muda. Kutazama namba hakukuchukua hata sekunde. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo hahitaji kuwa na kiburi ili aikimbilie namba.

Wapo watakaopinga wakisema namba haikuwa ushirikina, kwamba ilipima kitu cha kweli. Ni kweli, na lazima ikubaliwe. Mabosi wa gemu hili ni hesabu. Brutallus wa Sunwell Plateau, mwaka 2008, alikuwa na wingi fulani wa uhai, na baada ya dakika 6 alipandwa na hasira iliyoua kila mtu. Gawanya uhai kwa muda, gawanya tena kwa idadi ya wapigaji, na utapata kiasi ambacho chini yake hakuna ustadi utakaokuokoa. Kizingiti kipo. Lakini kizingiti hakielezi masharti yaliyokuwa yakitangazwa Dalaran, kwa sababu masharti hayo yalikwenda mbali kupita kizingiti. Zana za Naxxramas ya watu 25 zilikuwa na daraja 213. Za Icecrown ya watu 25 zilikuwa 264. Makundi ya Icecrown yalidai alama ambazo hazifikiki kirahisi bila kuvaa tayari zana za Icecrown yenyewe. Ngome iliundwa ipigwe na wasio na zana zake, maana vinginevyo hakuna gildi ingeweza kuianza. Pengo kati ya kinachohitajika na kinachodaiwa ndilo linalotakiwa kuelezwa, na hesabu ya bosi hailielezi.

Maelezo yapo katika mfumuko wa bei. Agosti 2009 Blizzard iliruhusu nishani za daraja la juu, za kubadilishia zana, zipatikane katika mapango madogo ya watu watano, ili waliochelewa wawafikie wenzao. Tarehe 8 Desemba 2009 ikaongeza kitafuta-kundi, chombo kilichowaunganisha watu watano wa seva tofauti bila wao kuandikiana neno. Ndani ya wiki chache mtu asiyewahi kukanyaga uwanja wa uvamizi aliweza kuvaa zana nzuri. Lilikuwa tendo la ukarimu, nami silaumu nia yake. Ila namba inasaidia pale tu inapomtenga aliyejifunza na asiyejifunza, na sasa wote walikuwa nayo. Viongozi wakafanya mambo mawili kwa pamoja: wakaipandisha, na wakaongeza sharti la cheti, kwa kutumia mfumo wa vyeti vya mafanikio ulioingia gemuni Oktoba 2008. Baada ya muda mfupi zikatokea programu za kughushi vyeti hivyo. Wakati huohuo kitafuta-kundi kiliwakutanisha watu ambao hawangeonana tena milele, kwa hiyo hata aliyefanya vizuri hakubaki na mtu wa kumkumbuka. Mwezi Oktoba 2010 kampuni ilitangaza wanachama milioni 12. Kijiji kilikuwa kimekuwa jiji kuu, na katika jiji kuu watu huombana vitambulisho.

Kampuni yaipokea namba, 2010–2014

Cataclysm ilipotoka Desemba 2010, Blizzard iliweka wastani wa daraja la zana kwenye ukurasa wa kila mhusika. Programu ya mchezaji mmoja ikawa sera. Kitafuta-kundi kilidai wastani wa 329 kwa mapango magumu. Kitafuta-uvamizi, kilichokuja mwishoni mwa Novemba 2011, kilidai 372. Wachezaji waligundua mara moja kwamba hesabu ilitazama hata vitu vilivyo mfukoni, wakanunua zana za kupigania wachezaji wenzao, wasizoweza kuzitumia vizuri dhidi ya bosi, wakazibeba ili namba ipande. Hapakuwa na ushahidi bora zaidi kwamba namba ilikuwa imeachana na kile ilichodai kupima.

Kampuni iliuona ushahidi huo. Mwaka 2013 ilianzisha Proving Grounds, uwanja wa mtihani ambamo mchezaji anapigana peke yake, na Warlords of Draenor ilipokuja Novemba 2014, medali ya fedha kutoka uwanja huo ikawa sharti la kuingia foleni ya mapango magumu. Hili lilikuwa jaribio pekee la dhati la kupima ustadi mlangoni, nami naona lilistahili maisha marefu kuliko lilivyopata. Lilikwama kwa sababu mtihani wa mtu mmoja haufundishi wala haupimi kile kinachovunja makundi: mtu asiyemsikiliza mwenzake. Wakati huohuo kampuni ilitoa orodha ya makundi yanayoundwa na wachezaji wenyewe, na ndani yake ikaweka nafasi ya kiongozi kuandika daraja analotaka. Viongozi waliandika juu, kama kawaida.

Magemu mengine yalipita njia hiyohiyo kwa mwendo wake. Final Fantasy XIV, iliyozinduliwa upya mwaka 2013, iliweka kizingiti cha wastani wa zana, lakini katika mapambano yake mengi ikaweka pia dari inayozishusha zana zilizozidi, na dari hiyo ilipunguza faida ya kudai namba kubwa mno. Lost Ark ya Korea Kusini ilikwenda upande mwingine: pambano la Valtan lilikuwa na mlango wa 1415, na wachezaji wakadai zaidi ya huo.

Ufunguo unaoshuka, na ushahidi wa mwaka 2019

Legion, nyongeza ya World of Warcraft ya Agosti 2016, ilileta mapango yenye ufunguo unaopanda daraja bila kikomo na saa inayohesabu. Mwenye ufunguo aliita wanne, na kundi likishindwa na saa, ufunguo wake ulishuka. Kundi la uvamizi liliposhindwa, hasara iligawanywa kwa watu 25. Hapa hasara ya kudumu ilimwangukia mtu mmoja, na ndiye aliyekuwa akichagua. Ukitaka kutengeneza mlinzi mkali wa mlango, huwezi kupata njia ya uhakika kuliko hiyo. Tovuti ya Raider.IO ikaanza kuhesabu kila pango lililomalizwa na kumpa kila mtu alama, nayo ikawa GearScore mpya, tofauti ikiwa kwamba hii ilipima yaliyofanywa badala ya yaliyovaliwa. Ilikuwa bora. Ila kupata alama kulihitaji kuitwa kundini, na kuitwa kundini kulihitaji alama. Katikati ya mwaka 2021 Blizzard iliingiza alama kama hiyo ndani ya gemu lenyewe, kama ilivyofanya miaka 11 kabla.

Kabla ya hapo kulikuwa na tukio lililofanana na jaribio la maabara. Tarehe 27 Agosti 2019 kampuni ilifungua World of Warcraft Classic, gemu la zamani lililorudishwa. Mara ya kwanza, Ragnaros hakuangushwa na mtu yeyote hadi Aprili 2005, miezi mitano baada ya uzinduzi. Mwaka 2019 aliangushwa ndani ya wiki moja, na baadhi ya waliomwangusha hawakuwa wamefika hata leveli 60, ya juu kabisa. Itasemwa kwamba Classic ilitumia toleo la mwisho la zama zile, ambamo wahusika walikuwa wameboreshwa, na ni haki kusema hivyo. Lakini maboresho hayo hayamvishi mtu zana asizonazo. Waliojua wapi pa kusimama na wakati gani wa kusogea walimshinda Ragnaros wakiwa na mavazi ambayo kiongozi yeyote wa kundi katika lile jiji kuu angeyakataa.

Na pamoja na hayo, makundi ya Classic hayakuchukua muda kuanza kudai zana, kumbukumbu za mapigo kutoka tovuti ya Warcraft Logs, na baraka za ulimwengu, yaani nyongeza za muda za nguvu, zilizokusanywa kwa saa kadhaa. Kukazuka pia mnada: nyara ziliuzwa kwa dhahabu na mapato kugawanywa kwa waliohudhuria, hata asiyekujua alikukaribisha ukiwa na fedha. Herufi za mnada huo, GDKP, zinabeba ndani yake herufi za hesabu ya gildi ya Afterlife, ingawa kinachohesabiwa sasa ni mfuko wa mtu. Mwaka 2024 Blizzard ilipiga marufuku mnada huo katika msimu wake wa Season of Discovery.

Mwezi Januari mwaka huohuo, katika gemu kuu, kampuni ilileta mapango ambamo nafasi nne zinajazwa na wenzi wanaoendeshwa na kompyuta. Miezi saba baadaye The War Within ikaongeza safari fupi ambazo mchezaji aliweza kuzifanya akiwa peke yake na mzee Brann Bronzebeard, mhusika wa gemu, na zilitoa zana nzuri. Miaka 25 baada ya wachezaji wa EverQuest kurudi usiku kuokoa maiti ya mwenzao, mchezaji anaweza tena kupanda ngazi bila kuulizwa namba na mtu yeyote, kwa kuwa humo ndani hakuna mtu wa kumuuliza.